MAMA JAJI NA MKONO UNAOTEUA

Mwaka 1998 Jaji Effie Owuor alipandishwa kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufaa, akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuketi huko. Kutangulia hakukuwa jambo geni kwake. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa wakili wa serikali, wa kwanza kuwa hakimu, na mnamo 1982 wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Hesabuni wenyewe, ndugu wasomaji: tangu Uhuru taifa lilichukua miaka 19 kumpata jaji mmoja mwanamke, na miaka 16 mingine kumpandisha ngazi moja.

Na ngazi ile haikuwa ndogo. Wakati huo Mahakama ya Rufaa ndiyo iliyokuwa ya mwisho, ikisema, imesema. Ndiyo iliyomaliza kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno mwezi Mei 1987, ikaupa ukoo maiti na kumnyima mjane, Wambui Otieno. Majaji watatu, wanaume watatu. Hatudai kwamba mwanamke mmoja angaliigeuza hukumu hiyo. Twasema tu kwamba mjane alifika mlango wa mwisho wa haki, na ndani hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kuwa mjane.

Hata hivyo, sisi tuliopigania mageuzi hatuwezi kushangilia kiti bila kuutazama mkono unaokigawa. Chini ya Katiba ya zamani, Rais aliteua majaji kwa ushauri wa Tume ya Huduma za Mahakama. Na Tume ilikuwa akina nani? Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma na majaji wawili. Wote watano walitokana na kalamu ya Rais yule yule! Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliwaondolea majaji hata ulinzi wa kazi zao, na ulirudishwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi, zikiwemo za mimbari. Jaji Owuor alikuwa kitini miaka hiyo yote. Sifa zake twazikiri bila kusita, pamoja na kazi ya kuongoza jopo lililoundwa mwaka 1993 kuchunguza sheria zinazowahusu wanawake. Lakini jaji hodari aliyeteuliwa gizani hubaki na deni asilolikopa.

Wapo watakaosema: mbona mwaka 2005, katika kesi ya Rono iliyoamuliwa Eldoret, ni wanaume watatu wa mahakama hiyo hiyo waliowapa mabinti haki ya kurithi shamba sawa na ndugu zao wa kiume? Ni kweli, na twawapongeza. Waumini wanawakumbuka binti za Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao. Bungoma na Kitale tunajua ni mabinti wangapi bado hawajathubutu kusimama, kwa kuwaogopa wajomba na ndugu. Wanachohitaji ni hakimu asiyemwogopa mtu, awe mume au mke.

Katiba ya 2010 iliifungua Tume. Sasa wamo majaji na mahakimu waliochaguliwa na wenzao, na mawakili wawili, mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa na chama chao. Jaji Martha Koome alihojiwa hadharani, nchi nzima ikitazama, kabla ya kuapishwa kuwa Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke mwezi Mei 2021. Lakini mkono wa zamani haujasahau mazoea yake. Majaji 41 walipendekezwa mwaka 2019; Rais Uhuru Kenyatta aliikalia orodha hiyo karibu miaka miwili, kisha Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita, wanne kati yao wa Mahakama ya Rufaa. Hao sita waliapishwa Septemba 2022, chini ya Rais mwingine.

Kabla ya mahojiano, Tume hutangaza majina ya waliochujwa na kuwaomba wananchi maoni. Twaomba kila kanisa, na vyama vya akina mama hasa, majina hayo yasomwe baada ya ibada, na mwenye neno juu ya mmoja wao aliandike, atie sahihi, alipeleke kabla ya siku kupita.