Upofu Usiobisha Hodi

Katika kliniki zetu za macho huja wazee walioongozwa kwa mkono na wajukuu zao, wakitaraji kupasuliwa mtoto wa jicho. Wengi hupasuliwa na kurudi makwao wakiona. Lakini wamo wanaoambiwa na daktari kwamba ugonjwa wao si mtoto wa jicho, bali ni glakoma, ile ambayo watu huiita presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha potea haiwezi kurudishwa kwa kisu, wala kwa dawa, wala kwa miwani. Habari hiyo ni nzito. Nayo huwa nzito zaidi mzee anapoelezwa kuwa kama angalifika mapema, macho yake yangaliweza kulindwa.

Yafaa tueleze jinsi maradhi haya yaendavyo. Ndani ya jicho hutengenezwa maji mchana na usiku, ambayo si machozi. Maji hayo hulilisha jicho, kisha hutoka kwa njia nyembamba zilizo mfano wa kichujio. Kichujio kikizibana, maji hulundikana, shinikizo hupanda, na mshipa wa fahamu upelekao picha kwenye ubongo hufa uzi kwa uzi. Kuona kwa pembeni ndiko kupoteako kwanza, na katikati hubaki safi karibu hadi mwisho. Basi mtu aweza kusoma gazeti hili bila taabu, na papo hapo asiione baiskeli inayomjia ubavuni. Haumwi. Jicho moja humfichia kasoro ya jicho la pili, na akijikwaa kizingitini jamaa zake husema kuwa ni uzee.

Presha hiyo si ile ya damu. Wako wanaojituliza kwa kuwa walifungwa kipimo mkononi wakaambiwa wazima, na kumbe macho hayakuguswa. Hata kipimo cha presha ya jicho peke yake hakitoshi, maana wapo wenye glakoma ambao presha yao ni ya kawaida. Sharti daktari auchungulie ule mshipa nyuma ya jicho, na ikibidi apime upana wa kuona.

Asidhani mtu kwamba tunazungumza juu ya maradhi ya nadra. Katika vijiji sita vya Kongwa walichunguzwa watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kuwa kiasi cha watu 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma. Sisi Waafrika hushikwa nayo zaidi kuliko Wazungu, na aghalabu mapema zaidi. Iko pia aina ya ghafla, yenye maumivu makali, jicho jekundu na kutapika. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Na mtoto mchanga mwenye macho makubwa kupita kiasi, yanayotoka machozi na kukimbia mwanga, naye asicheleweshwe.

Hapa twataka kusema neno juu ya maduka ya dawa. Mtu mwenye macho yanayowasha huuziwa chupa ya matone yenye steroidi, huona wekundu umeondoka upesi, basi huirudia chupa ile ile mwezi baada ya mwezi. Matone hayo yakitumika muda mrefu bila usimamizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma, hata kwa mtoto wa shule. Muuzaji asiyedai cheti cha daktari hupata shilingi chache, na mteja hulipa kwa macho yake.

Matibabu yapo, nayo ni ya kulinda kilichosalia. Wengi hupewa matone, kama vile timolol, ya kutiwa kila siku maisha yote. (Mwenye pumu amwambie daktari kwanza, kwani dawa hiyo yaweza kumbana kifua.) Ugumu wa matone ni kwamba mgonjwa hahisi nafuu yoyote: hakuna maumivu yaliyoondoka wala nuru iliyoongezeka, na chupa ikiisha, fedha ya kununulia nyingine ni ile ile ya unga. Hatuwezi kumwita mzembe. Upo pia upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya.

Ndiyo maana tunathamini sana kazi iliyofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 201 waligawanywa, wengine wakapewa timolol na wengine wakatibiwa kwa mwanga wa leza. Baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu katika macho 61 kwa kila 100, na matone katika macho 31 tu. Wako waliohitaji kurudiwa leza, lakini hata hivyo ni nafuu kubwa kwa mkulima aliye mbali na duka la dawa. Twaiomba Wizara ya Afya izitazame mashine hizo kama haja ya hospitali za mikoa, pamoja na mafundi wa kuzitunza.

Nasi wananchi tuliotimiza miaka 40 twende tukapimwe tungali tunaona. Aliyekwisha ambiwa ana glakoma awapeleke ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima, kwa kuwa maradhi haya hufuata ukoo, na daktari aliandike agizo hilo katika kadi yake ya kliniki pamoja na dawa.