Mchoro Nao Huulizwa

Jengo linapoporomoka, msanifu na mkandarasi huanza kurushiana lawama. Aghalabu kasoro huwa katikati yao, pale ambapo mmoja alinyamaza na mwingine akakisia.

Tarehe 17 Julai 1981, madaraja mawili ya miguu yaliyoning'inizwa, moja juu ya jingine, yalianguka ndani ya hoteli mjini Kansas City, Marekani, yakaua watu 114. Wahandisi walikuwa wamechora fito ndefu za chuma za kushikilia madaraja yote mawili. Watengenezaji wa vyuma wakaona kazi hiyo ni nzito, wakaigawa kila fito sehemu mbili. Kwa badiliko hilo, viungo vya daraja la juu vikabebeshwa uzito maradufu. Michoro mipya ilirejeshwa kwa wahandisi, ikapigwa muhuri bila hesabu kufanywa.

Mimi ni mwanaisimu, si mjenzi, lakini nakiona hicho kuwa kisa cha mawasiliano. Mchoro ni usemi, na usemi haukamiliki hadi aliyeupokea aelewe alichokusudia msemaji. Muhuri si jibu.

Hapa Kenya, maelezo ya ramani huandikwa kwa Kiingereza, ilhali fundi hupewa maagizo kwa Kiswahili. Msanifu akimdharau fundi, na mkandarasi akiona haya kuuliza, atakayeumia ni mpangaji asiye na habari.

Vyuo vyetu na viwafunze wasanifu na wajenzi kuzungumza wangali wanafunzi. Kila badiliko liandikwe, lielezwe kwa lugha ya fundi, lijibiwe. Kuuliza si ujinga. Katika ujenzi, kutouliza ni mauti.