Tangi la Peugeot 504
Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, likifika gereji hapa Gitothua likizimazima njiani, fundi hukimbilia kabureta. Kumbe unga mwekundu wa kutu uliomo umetoka kwenye tangi! Lishushe, mwaga petroli yote, lioshe kwa sabuni na maji moto. Tia nati kadhaa au kipande cha mnyororo, tikisa mpaka magamba yang'oke, kisha lijaze siki ilale humo usiku kucha. Suuza kwa maji ya magadi kuua asidi, ulikaushe haraka, maana chuma kitupu chenye unyevu hushika kutu upya upesi. Na mafundi wetu, nawasihi: msichomelee tangi ambalo halijaoshwa. Hata likiwa tupu, mvuke wa petroli uliobaki hulipuka na kuua.