Vali au Transista? Usinunue Mwanga, Nunua Sauti

Wapenzi wa muziki hawachoki kubishana: priampu ya nyumbani, uchukue ya vali au ya transista? Msimamo wangu ni huu: wengi wetu tuchukue ya transista, na pesa zitakazobaki ziende kwa spika.

Tuanze na kazi yenyewe. Priampu hukaa kati ya chombo kinachocheza muziki na ampu inayosukuma spika. Inachagua chombo, inapandisha na kushusha sauti, na inakuza mawimbi kidogo. Kwa santuri ukuzaji huo ni lazima, maana sindano hutoa milivolti chache tu. Lakini mashine ya CD hutoa takriban volti 2, na ampu nyingi hufikia nguvu zake zote kwa volti 1 au 2. Kwa hiyo mara nyingi kazi iliyobaki ni kushusha sauti, si kuipandisha!

Sasa, vali inaongeza nini? Vali maarufu ya kazi hii, 12AX7, huongeza hamoniki, hasa ya pili, yaani noti ile ile ikisikika oktavu moja juu. Ndiyo ile joto ya sauti inayosifiwa. Sipingi kwamba ni tamu. Nasema tu kwamba haikuwa kwenye rekodi. Kwetu waandishi wa programu, nakala ya faili ikitofautiana na asili yake ni hitilafu, hata kama inapendeza. Ukiutaka utamu huo, programu ya kompyuta inaweza kuuongeza, na ukikuchosha unauzima.

Utaniambia masikio hayadanganyi. Mwaka 1978 jarida la Uingereza, Wireless World, lilichapisha jaribio la James Moir. Wasikilizaji walilinganisha ampu tatu za Quad, moja ya vali na mbili za transista, bila kujua ipi inacheza. Hawakuweza kuzitofautisha. Zile zilikuwa ampu za kusukuma spika, si priampu, lakini somo ni lile lile: kifaa kikiundwa vizuri na kisilemewe, tofauti huyeyuka.

Halafu kuna gharama. Vali huchakaa, na mpya hutoka hasa Urusi, China na Slovakia. Kwetu Kenya hiyo ni kuagiza, kulipa ushuru na kuomba kioo kisivunjike njiani. Pia usimwachie fundi wa kubahatisha: kapasita za ndani huweza kushika volti mia kadhaa hata baada ya kuchomoa plagi. Stima hiyo inaua.

Na jihadhari na zile za bei nafuu zilizowekewa taa ya LED chini ya vali ili ing'ae. Hapo unauziwa mwanga.

Basi nani anunue vali? Anayependa ladha yake, anayejua kuwa ni ladha, na mwenye pesa za akiba. Simlaumu hata kidogo. Ahakikishe tu inapatana na ampu yake, maana priampu nyingi za vali, zikiunganishwa na ampu yenye ukinzani mdogo wa kuingiza, hupoteza besi.

Sisi wengine tuanze na spika na mahali tunapoziweka chumbani. Hapo tofauti huisikia kila mtu, hata jirani!