Mbwa Aliyevunjika Jino

Kila mwanafunzi wa Baiolojia aliyefika kwenye sura ya meno hujifunza kwamba mbwa mzima ana meno 42: meno ya mbele 12, chonge 4, magego madogo 16 na magego makubwa 10. Hujifunza pia kwamba gego dogo la nne la taya la juu na gego kubwa la kwanza la taya la chini hupishana kama makali ya mkasi, na kwamba kwa hayo mbwa hukata nyama na kupasua mifupa. Kitabu cha shule hakisemi kwamba meno hayo huvunjika. Mbwa anayetafuna mfupa mkavu wa ng'ombe, jiwe, au mnyororo aliofungwa nao, aghalabu huvunja ama chonge ama lile gego la juu, ambalo hubanduka kipande cha ubavuni kama kigae. Hapo ndipo mwenye mbwa hutakiwa kuamua, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kosa lenyewe hutokana na hoja inayofanana na busara: mbwa anakula, kwa hiyo haumwi. Hoja hiyo haina msingi. Mbwa hasagi chakula kama mtu afanyavyo. Taya zake hufunguka na kufumba bila kwenda upande, na ugali wake na dagaa humezwa kwa mafundo makubwa ambayo hayapiti sana katika meno. Aweza kuutumia upande mmoja tu wa kinywa kwa miaka, na bakuli likawa tupu kila jioni. Mbwa wenye kulia kwa maumivu ya jino ni wachache. Wengi huonyesha ishara ndogo ndogo: huangusha tonge, hukwepa kuguswa usoni, huacha kuchezea fimbo, au huota ukoga mzito upande mmoja, yaani ule usiotumika.

Hapa pana tahadhari ambayo mwalimu hana budi kuitilia mkazo mbele ya wanafunzi wake. Mbwa anayetokwa na udende mwingi, asiyeweza kufumba kinywa wala kumeza, asidhaniwe upesi kuwa ana jino bovu au mfupa uliokwama kooni. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa pia, na watu wamepata kuponzwa na mkono walioutia kinywani kwa huruma. Mbwa wa namna hiyo haguswi; huitwa daktari wa mifugo.

Jino la mbwa limeumbwa kwa mpango ule ule wa jino la mtu. Nje ni enameli, ambayo kwa mbwa ni nyembamba, chini ya milimita 1; chini yake ni dentini; na katikati ni kiini laini chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Jino likivunjika hata kiini kikawa wazi, bakteria wa kinywani huingia. Kiini huvimba, na kwa kuwa kimezungukwa na ukuta mgumu, hakina nafasi ya kupanuka. Maumivu huwa makali. Baada ya muda kiini hufa, na maumivu hayo ya kwanza hutulia. Mwenye mbwa hufurahi akidhani mnyama amepona, kumbe bakteria wanashuka kwenye mfereji mtupu mpaka ncha ya mzizi, na mfupa wa taya unaoizunguka ncha hiyo unaanza kulika. Likiwa ni lile gego la juu, usaha hutafuta njia na kutokea chini ya jicho. Uvimbe huo hudhaniwa ni wa kuumwa na nyuki au jeraha la kupigana. Hupakwa dawa, hukauka, na baada ya majuma kadhaa hurudi pale pale.

Wala si lazima jino livunjike. Jino lililopigwa laweza kubaki zima, likabadilika tu rangi na kuwa la zambarau au la kijivu. Fraser Hale, mtaalamu wa meno ya wanyama wa Canada, alichapisha mwaka 2001 uchunguzi wa meno ya mbwa yaliyobadilika rangi hivyo, akaona kwamba zaidi ya meno 9 katika kila 10 yalikuwa na kiini kilichokufa, chote au sehemu yake. Tena mengi kati ya hayo hayakuonyesha kasoro yoyote katika eksirei.

Swali la kwanza, basi, ni kama kiini kiko wazi au kimekufa. Jino lililolika polepole kwa miaka, kama chonge za mbwa anayeng'ata wavu wa banda lake kila siku, hujitengenezea dentini mpya ya kukikinga kiini. Huonekana doa la kahawia, gumu na lenye kuteleza, na aghalabu halihitaji tiba. Tundu jeusi ni habari nyingine. Daktari hupitisha kijiti chembamba cha chuma: kikiteleza juu, kiini kimefunikwa, kikizama, kiko wazi.

Kiini kikiwa wazi, njia ni mbili: kung'oa jino, au kutibu mzizi, yaani kutoa kiini chote, kusafisha mfereji wake na kuuziba. Kungoja si njia ya tatu. Ipo nafuu moja tu, nayo ni ya mbwa mchanga ambaye jino lake la kudumu limevunjika sasa hivi: akifikishwa kwa mtaalamu ndani ya saa 48, sehemu ya juu ya kiini huweza kukatwa na kufunikwa kwa dawa, na jino likabaki hai na kuendelea kukua. Jino la utoto lililovunjika hung'olewa, ili ugonjwa usiliharibu jino la kudumu linalochipuka chini yake.

Kati ya kung'oa na kutibu mzizi, vitabu vingi vya nchi tajiri huipa sifa kubwa njia ya pili. Kwa chonge ya chini sifa hiyo ni ya haki, kwa maana mzizi wake ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, nao umejaza sehemu kubwa ya taya; kuung'oa vibaya kwaweza kulivunja taya lenyewe. Mbwa wa polisi anayekamata wahalifu naye ana haja na chonge zake, na huko Marekani na Ulaya wengine huvishwa kofia za chuma juu ya meno yaliyotibiwa. Lakini mbwa wa kawaida wa kulinda nyumba hafanyi kazi kwa meno. Hufanya kazi kwa masikio, pua na sauti. Gego lake lina mizizi mitatu, na kuitibu yote kwahitaji vifaa maalumu, eksirei ya meno na uchunguzi wa kurudia baada ya miezi. Mahali ambapo hayo hayapo, kung'oa si tiba ya kimaskini. Ni tiba kamili. Waswahili husema jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa mbwa, pengo lenyewe halihitaji dawa.

Sharti ni kwamba king'olewe kila kipande, na aliyesomea. Gego hilo hukatwa sehemu tatu, kila mzizi ukatolewa peke yake, kisha ufizi hushonwa, mbwa akiwa katika nusukaputi. Kulikwanyua kwa koleo hali mnyama ameshikwa na watu wanne ni ukatili, na mzizi unaokatikia ndani huendeleza ugonjwa ule ule.

Wako watakaosema kwamba ni anasa kutumia fedha kwa jino la mbwa mahali ambapo watoto wenyewe hukosa daktari wa meno. Hoja hii ina uzito na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, mwenye kuitoa mara nyingi ndiye anayenunua antibiotiki kila uvimbe unaporudi. Dawa hiyo husafiri kwa damu, na katika kiini kilichokufa damu haifiki. Uvimbe hupungua, chanzo hubaki, na bakteria hupata nafasi ya kuizoea dawa ambayo kesho yaweza kuhitajiwa na mtoto yule yule. Wengine humpa mbwa vidonge vya maumivu vya nyumbani. Ibuprofeni humtoboa tumbo na kumharibu figo.

Kuhusu mbwa mzee, moyo wake na figo zake zapasa kupimwa kabla ya nusukaputi, na jibu la vipimo ndilo liamue, si hesabu ya miaka. Baada ya kung'olewa jino apewe chakula laini kwa majuma mawili, na ile mifupa mikavu iondolewe uani.