Nyuti si mjusi, na bwawa peke yake halimtoshi

Wadau wa nyumbani, mnacheka eti Waingereza wanachelewesha ujenzi kwa ajili ya "mjusi". Kwanza si mjusi, ni nyuti, ndugu yake chura.

Huku nako wamo wanaomlaumu. Mwaka 2020 Boris Johnson, akiwa Waziri Mkuu, alilalamika kuwa kuhesabu nyuti kunachelewesha ujenzi. Wengine wanasema, "Si achimbiwe bwawa jingine?" Hawajui maisha yake!

Nyuti mkubwa mwenye shungi hutaga mayai 200 hivi, kila moja analikunjia jani. Nusu hufa humo humo kwa hitilafu ya kromosomu. Watoto hupumua kwa matamvua ya nje. Samaki akiingia bwawani anawamaliza. Baada ya miezi kama minne wanatoka nchi kavu, wanajificha chini ya magogo miaka 2 au 3, ndipo wanarudi majini kuzaliana. Sasa ukibakiza bwawa ukamwaga zege pande zote, umebakiza leba bila wodi.

Na sisi tusicheke sana. Chura wetu wa Kihansi, maji yake yalipoelekezwa kwenye umeme, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini.

Maoni ruksa, matusi hapana!