Hilo "Hadi" Lina Hila

Jamani, leo nalalamikia neno moja: "hadi". Uwe Wote, Mwingi au Kitui mjini, tangazo la intaneti litakuahidi kasi ya "hadi megabiti 10 kwa sekunde". Mteja anasikia 10. Mimi mwandika programu nasikia "hadi", maana hata megabiti 1 imo ndani ya ahadi hiyo.

Tena biti si baiti (wauzaji wengine hawajui hili, nimewauliza). Baiti moja ni biti 8, basi megabiti 10 ni megabaiti 1.25 tu. Faili la megabaiti 700 litachukua dakika 9 na ushee, mambo yakienda sawa. Jioni, mnara mmoja ukigawiwa watu wote wa mtaa, sahau!

Na ile "bila kikomo"? Soma maandishi madogo chini. Ukishatumia kiasi fulani, kasi inashushwa. Ikishuka hadi megabiti 1, faili lile lile litachukua zaidi ya saa moja na nusu. Kama hicho si kikomo, ni nini?

Waya wa SEACOM ulipofika Mombasa mwaka 2009, tuliambiwa shida zimekwisha. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza maelezo ya kupotosha. Mimi nataka Mamlaka ya Mawasiliano iwalazimishe kuandika kasi ya chini kabisa, kwa herufi kubwa kama za hiyo 10. Kwa sasa, kabla hujalipa, muulize muuzaji: saa mbili usiku nitapata ngapi? Mwambie aiandike kwenye risiti.